Unukuzi wa Kitabibu kwa Anayeanza: Mwongozo Kamili

Daktari akimaliza kumwona mgonjwa huwasha kinasa sauti na kusema haraka haraka alichokiona, alichopima na dawa alizoandika. Mnukuzi husikiliza na kuandika ripoti itakayowekwa kwenye faili la mgonjwa. Ikielezwa hivyo, kazi hii inaonekana ni ya vidole tu. Ndiyo maana wengi wanaoanza hukazania kasi ya kuchapa, kisha wanafeli jaribio la kwanza bila kuelewa walipokosea. Kasi inasaidia, lakini kinachomponza mtu ni neno alilolibahatisha, likakaa vizuri kwenye sentensi kiasi kwamba hakuna aliyelitilia shaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusikia, kuthibitisha, na kuacha pengo pale usipoweza kuthibitisha.

Mifano ni ya imla ya Kiingereza, kwa kuwa kazi nyingi za aina hii zinazopatikana mtandaoni ziko katika lugha hiyo.

Hatua ya 1: Andaa sikio kabla ya vifaa

Usianze kwa kununua kitu. Anza na msamiati, kwa sababu sikio haliwezi kukamata neno ambalo kichwa hakijawahi kukutana nalo. Maneno ya tiba yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini vinavyorudiwarudiwa, na ukivijua vipande utaweza kulifungua hata neno ambalo hujawahi kuliona. Chukua utumbo mpana: "colectomy" ni kuukata na kuuondoa wote au sehemu yake, "colotomy" ni kuupasua, na "colostomy" ni kuutengenezea tundu kwenye ukuta wa tumbo ili kinyesi kipitie hapo. Ni upasuaji wa aina tatu tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni silabi ambayo daktari mwenye haraka huimeza. Hali ni hiyo hiyo kwa "hyper-", yaani juu ya kiwango, na "hypo-", chini ya kiwango.

Jifunze mfumo mmoja wa mwili kwa wakati: moyo na mishipa, kisha mapafu, kisha tumbo, na kuendelea. Kwa kila mfumo andika viungo, magonjwa ya kawaida, vipimo na dawa zake katika daftari moja. Kujifunza kwa orodha ya alfabeti kunachosha na hakukai kichwani, kwa kuwa daktari hasemi kwa alfabeti.

Pamoja na maneno, jifunze umbo la ripoti. Aina nne ndizo utakazokutana nazo zaidi: historia ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili, ripoti ya daktari bingwa aliyeombwa ushauri, ripoti ya upasuaji, na muhtasari wa kumruhusu mgonjwa atoke hospitalini. Kila moja ina mpangilio wake wa vichwa. Ile ya historia kwa kawaida huanza na lalamiko lililomleta mgonjwa, ikaja historia ya ugonjwa, magonjwa ya zamani, dawa anazotumia, mzio, familia, maisha yake, uchunguzi wa mwili, majibu ya maabara, tathmini na mpango wa matibabu. Ukijua uko kwenye kichwa kipi, maneno yanayowezekana hupungua mara moja. Sauti isiyoeleweka ndani ya sehemu ya dawa ina uwezekano mkubwa kuwa jina la dawa, si la kiungo.

Tovuti ya MTSamples ina mifano mingi ya ripoti zilizonukuliwa, zimepangwa kwa taaluma. Soma ripoti ishirini za taaluma moja kwa sauti kabla hujagusa imla yoyote. Baada ya hapo tafuta mihadhara ya madaktari kwenye intaneti, wenye lafudhi tofauti tofauti, unukuu dakika tano kila siku. Lafudhi haizoeleki kwa kusomewa kanuni. Inazoeleka kwa saa za kuisikiliza, na tofauti utaanza kuihisi baada ya wiki chache.

Kwa taaluma ya kuanzia, tunapendekeza ripoti za picha za mwili kama eksirei. Ni fupi na misemo yake inajirudia. Upasuaji uache baadaye: majina ya vyombo, nyuzi na mbinu ni mengi, na daktari mara nyingi husimulia akiwa amechoka.

Hatua ya 2: Vifaa vichache, vilivyochaguliwa vizuri

Kama fedha ni chache, weka kipaumbele kwenye hedifoni. Chagua zinazofunika sikio na zinazotoa sauti ya mtu kwa uwazi. Zile zenye besi kubwa za muziki huzifunika konsonanti, na hapo "b" na "d" husikika karibu sawa.

Kifaa cha pili ni pedali ya mguu inayochomekwa kwenye USB. Ina sehemu tatu: ya kucheza, ya kurudisha nyuma na ya kupeleka mbele. Faida yake kubwa ni kwamba ukiinua mguu, sauti hujirudisha nyuma kidogo yenyewe. Weka mrudisho huo kwenye sekunde 1 hadi 2. Ukiuzidisha utasikia kila kitu mara mbili na kupoteza muda, na ukiuondoa kabisa utapoteza mwanzo wa neno kila unapoendelea. Kama huna pedali, programu kama Express Scribe hukuruhusu kutumia vitufe vya kibodi kwa kazi hiyo hiyo, na kwa mazoezi inatosha.

Kabla ya kukubali kazi, uliza aina ya mafaili ya sauti. MP3 na WAV hufunguka karibu popote. Vinasa sauti vya madaktari mara nyingi hutoa DSS au DS2, ambazo zinahitaji programu inayozitambua, na DS2 inaweza kufungwa kwa neno la siri. Kugundua hilo wakati muda wa kukabidhi umebaki saa mbili ni balaa isiyo ya lazima.

Kuhusu kasi, maneno 50 hadi 60 kwa dakika bila kuangalia vidole ni mwanzo mzuri. Zaidi ya hapo, muda wako utaokolewa na usikivu kuliko vidole.

Hatua ya 3: Kushughulikia faili moja, mwanzo hadi mwisho

Soma kwanza maelezo ya mteja: kiolezo, mpangilio wa vichwa, namna ya kuandika tarehe, na kama anataka maneno kama yalivyosemwa au yasafishwe. Hospitali mbili zinaweza kutaka vitu vinavyopingana, na mkaguzi atakuhukumu kwa maelezo ya mteja huyo, si kwa ulivyozoea.

Kisha sikiliza dakika moja ya mwanzo bila kuandika. Unatafuta lafudhi, mwendo na mada. Hakikisha jina na namba ya mgonjwa vinavyotajwa kwenye sauti vinalingana na faili ulilopewa. Vikitofautiana, simama na umjulishe mteja kabla ya kuandika chochote, kwa sababu ripoti safi iliyowekwa kwenye faili la mtu mwingine ni hatari kuliko ripoti yenye makosa.

Mzunguko wa kwanza ni wa kuandika. Using'ang'anie neno gumu. Lisikilize mara tatu, ya mwisho ukiwa umepunguza mwendo hadi asilimia 75 hivi. Likigoma, weka alama na muda, mfano [____ 03:42], uendelee. Usishuke sana chini ya hapo, kwani sauti iliyonyooshwa kupita kiasi hupoteza umbo na neno huanza kufanana na lolote unalolitaka.

Mzunguko wa pili ni wa kurudi kwenye mapengo. Utashangaa ni mangapi yanafunguka yenyewe, kwa sababu daktari amelirudia neno lile lile mbele kwa utulivu zaidi, hasa kwenye tathmini na mpango wa matibabu.

Mzunguko wa tatu unasikiliza faili lote huku ukisoma ulichoandika, mikono ikiwa nje ya kibodi. Anayeanza huuruka huu kwa kuona amechelewa, na ndiko makosa mabaya yanakobaki: "no" iliyodondoka, kulia kukawa kushoto, "15" ikawa "50".

Mwisho pitisha kikagua tahajia, ukijua udhaifu wake. "Ileum" ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na "ilium" ni mfupa wa nyonga. Yote mawili ni sahihi kwa kamusi, hivyo hakuna mstari mwekundu utakaokuonya. Weka kando orodha ya jozi kama hizi: "dysphagia" ni shida ya kumeza, "dysphasia" ni shida ya lugha na usemi, "perineal" ni sehemu iliyo kati ya mapaja, "peroneal" ni upande wa nje wa mguu chini ya goti, "abduction" ni kusogeza kiungo mbali na mwili, "adduction" ni kukirudisha. Hili la mwisho madaktari waangalifu hutamka herufi zake moja moja, "a-b" au "a-d".

Hatua ya 4: Pengo ni sehemu ya kazi

Tuichukue sentensi moja. Daktari anasema mgonjwa aanzishiwe "hydr…", miligramu 25, mara tatu kwa siku. Katikati ya neno karatasi zimekwaruza. Kuna "hydralazine", ya kushusha shinikizo la damu, na kuna "hydroxyzine", inayotumika kwa mwasho na wasiwasi. Zote zina kidonge cha miligramu 25, kwa hiyo dozi haikusaidii. Rudi kwenye historia: je, ametaja kuwashwa ngozi, au shinikizo lililogoma kushuka? Nenda kwenye mpango: je, kuna agizo la kupima shinikizo kila siku? Angalia pia kama dawa hiyo imetajwa sehemu nyingine kwa sauti safi. Ukipata sababu moja iliyo wazi, andika na uweke alama kwamba umelithibitisha kwa muktadha, kama mteja anaruhusu utaratibu huo. Kama mgonjwa ana mwasho na pia ana shinikizo, acha pengo na muda wake. Daktari atalijaza kwa sekunde tano.

Wanaoanza huogopa kwamba pengo litawaonyesha hawajui. Mkaguzi mzoefu huona kinyume chake. Pengo lenye muda sahihi, na maelezo mafupi kama "inasikika kama hydr-, 25 mg", linaonyesha mtu anayejua mipaka ya alichosikia. Tatizo ni mapengo mengi yasiyo na juhudi: kama kila ukurasa una sita, na mtu mwingine anayajaza kwa kusikiliza mara moja, msamiati wako bado. Rudi hatua ya 1 kwa taaluma hiyo.

Utakutana pia na daktari anayejipinga mwenyewe. Mwanzoni ni goti la kulia, kwenye maelezo ya upasuaji ni la kushoto. Usichague hata kama jibu linaonekana wazi. Andika kama alivyosema, weka alama sehemu zote mbili, na umwachie mwenye ripoti. Kusahihisha sarufi ni ruhusa yako. Kusahihisha ukweli wa mgonjwa si ruhusa yako.

Hatua ya 5: Dawa na namba

Hapa ndipo kosa la herufi moja linaweza kumuumiza mtu, kwa hiyo pafanye polepole hata ukichelewa.

Kila jina la dawa ambalo huna uhakika nalo litafute, ukiangalia mambo mawili: tahajia, na kama dawa hiyo ipo kwa dozi na njia iliyotajwa. Majina mengi yanakaribiana mno. "Celebrex" ni ya maumivu, "Celexa" ni ya sonona, "Cerebyx" ni ya kifafa. "Lamictal" ni ya kifafa na "Lamisil" ni ya fangasi. Kama dozi uliyosikia haipo kwa dawa uliyoandika, huenda umeandika dawa isiyo yake.

Mwaka 2004 Joint Commission, chombo cha Marekani kinachotoa ithibati kwa hospitali, kilitoa orodha ya vifupisho visivyotakiwa kutumika. Ijue kwa moyo. Kwenye dozi usiandike sufuri ya mwisho baada ya nukta: 1.0 mg husomeka 10 nukta ikififia, andika 1 mg. Usiache kuweka sufuri kabla ya nukta: .5 mg husomeka 5, andika 0.5 mg. "U" ya yuniti hufanana na sufuri au 4, andika neno zima. "QD", yaani mara moja kwa siku, huchanganywa na "QID", mara nne, kwa hiyo andika "daily". Nje ya orodha hiyo, mikrogramu iandike kwa neno zima au "mcg". Ile alama ya Kigiriki ikisomwa kama miligramu, dozi inakuwa mara 1,000.

Kwa namba zinazosikika sawa, kama "fifteen" na "fifty", sikiliza mkazo unaangukia wapi, kisha pima kwa akili. Kiwango cha kawaida cha potasiamu kwenye damu ni takriban 3.5 hadi 5.0 mmol/L. Ukisikia "forty-five", karibu kwa hakika ni 4.5, lakini weka alama badala ya kusogeza nukta kimya kimya. Kuwa macho pia na vipimo vinavyobadilika kulingana na nchi: sukari ya 5.5 mmol/L ni sawa na 99 mg/dL hivi. Usigeuze kipimo kimoja kuwa kingine. Andika alichosema.

Hatua ya 6: Vifupisho vyako na rasimu za kompyuta

Programu ya kupanua vifupisho inaokoa muda mwingi, na hata sehemu ya kujisahihisha ya Word inatosha kuanza nayo. Tumia vifupisho visivyofanana na neno lolote halisi. Ukiweka "sob" ipanuke kuwa "shortness of breath", siku moja mgonjwa atalia kwa kwikwi na ripoti itasema amekosa pumzi. Anza na misemo kumi, ongeza michache kila wiki. Aya nzima za uchunguzi "wa kawaida" zitumie pale tu daktari mwenyewe anapoagiza, kwa sababu zitaandika moyo ulioko sawa hata pale ambapo hakuupima.

Kazi nyingi sasa zinakuja na rasimu iliyoandikwa na programu ya kutambua usemi, na wewe unahariri. Unukuzi wa kuanzia kwenye ukurasa mtupu unapungua, na anayeingia leo ajiandae kuwa mhariri zaidi. Usidhani ni rahisi. Rasimu ya kompyuta haina tahajia mbovu za kukushtua, hivyo jicho huteleza juu ya kosa. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba Whisper, programu ya OpenAI, wakati mwingine huzua maneno ambayo hayamo kabisa kwenye sauti, na tatizo linajitokeza zaidi penye ukimya mrefu. Kwa hiyo anza na sauti, jicho lifuate. Palipo na ukimya kwenye sauti lakini rasimu ina sentensi, futa sentensi hiyo baada ya kuirudia mara mbili.

Hatua ya 7: Siri ya mgonjwa

Mteja wa Marekani anabanwa na HIPAA, sheria ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za afya, wa Umoja wa Ulaya anabanwa na GDPR, kanuni ya kulinda data binafsi iliyoanza kutumika 2018, na mkataba utakushusha wewe chini ya masharti hayo popote ulipo. Kwa vitendo: tafuta neno moja la tiba kwenye intaneti, kamwe usibandike sentensi yenye jina, tarehe au namba ya mgonjwa. Usipakie sauti kwenye huduma za bure za kunukuu au kutafsiri. Tumia diski iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila neno la siri, akaunti ya kompyuta isiyotumiwa na wengine, na ufute mafaili kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Ripoti ya mgonjwa halisi haiwi mfano wa kazi yako, hata ukifuta jina. Kwa mifano, nukuu mihadhara au andika ripoti ya kubuni.

Hatua ya 8: Kupima malipo

Malipo huja kwa mstari au kwa dakika ya sauti. Mstari katika kazi hii mara nyingi huhesabiwa kuwa herufi 65 pamoja na nafasi, lakini wako wanaozihesabu bila nafasi, kwa hiyo uliza. Mtu akisema maneno 150 kwa dakika, dakika 10 ni maneno 1,500, sawa na herufi 9,000 hivi, au mistari 138. Ukilipwa kwa dakika, daktari anayeongea kasi anakupa kazi zaidi kwa pesa ile ile. Ukilipwa kwa mstari, utaumizwa na mwenye kunyamaza na kujirudi.

Pima saa zako kwa wiki mbili kabla ya kukubali kazi kubwa. Mwanzoni dakika 10 za sauti zinaweza kula saa moja na nusu, pamoja na mizunguko yote mitatu. Kwa mfano huo unapata mistari kama 92 kwa saa. Zidisha kwa bei ya mstari uone kama kazi inakulipa, na uahidi muda wa kukabidhi kwa kutumia namba hiyo, si ile unayoitamani.

Hatua ya 9: Jaribio na kazi ya kwanza

Wateja wengi hutaka usahihi wa asilimia 98 au zaidi. Asilimia 2 ya maneno 1,500 ni makosa 30, na ndiyo maana wakaguzi huyapa uzito tofauti: koma haifanani na dozi. Katika jaribio, tumia muda wote uliopewa. Hakuna anayetoa alama kwa kumaliza mapema.

Mwajiri akitaka ulipe ili upewe kazi, au ununue mafunzo na programu yake kwanza, achana naye. Vivyo hivyo kwa anayekupa "jaribio" la saa nzima ya sauti halisi bila malipo. Dakika chache zinatosha kumpima mtu.

Ukipewa kazi, omba ripoti zilizosahihishwa zirudishwe. Kwa kila sahihisho andika neno ulilokosea, neno sahihi, na sababu: hukulisikia, hukulijua, au hukulirudia. Baada ya mafaili kumi sababu mojawapo itakuwa imejirudia kuliko nyingine. Kama ni kusikia, badilisha hedifoni au ongeza saa za lafudhi hiyo. Kama ni kujua, rudi kwenye daftari la mfumo husika. Kama ni kurudia, mzunguko wako wa tatu unaufanya kwa haraka mno.